Kijijini Nilikuwa Mzima

Familia nyingi za Dar es Salaam zenye kijana anayekula unga, yaani heroini, hufika kwenye uamuzi uleule. Kisomo kimeshasomwa, mganga ameshalipwa, polisi wameshamkamata na kumwachia, televisheni na mtungi wa gesi vimeshauzwa. Ndipo ukoo unakaa kikao na mjomba mkubwa anasema: apelekwe kijijini. Huko hakuna unga wala marafiki wa maskani, kuna jembe na bibi mkali. Akimaliza mwaka atarudi mtu.

Mimi nilipelekwa. Na kabla sijaukosoa uamuzi ule nataka niutetee kidogo, maana mjomba alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Siku za mwanzo arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ilinitesa: kuharisha, mifupa kuuma, vinyweleo kusimama mwili mzima, miayo isiyokatika, makamasi, usiku kucha macho makavu. Bibi akawa ananinywesha uji, na maji yenye chumvi na sukari, na mlango anaufunga kwa nje. Wiki ya pili nikaanza kula ugali. Baada ya hapo nikapewa jembe, nikawa napalilia mihogo, nikirudi nimechoka nalala. Wiki nzima ilikuwa inapita sijauwaza unga. Wala msidhani nilikuwa napigana na hamu nikawa naishinda. Hamu yenyewe haikuwepo. Watu wa kule walipoambiwa kwamba huyu alikuwa teja, walicheka.

Kisha ukatokea msiba mjini, nikaitwa. Basi lilipita Chalinze na Kibaha nikiwa sina wasiwasi wowote. Lilipokaribia Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani yakiwa bado yanaishia pale, nikaanza kupiga miayo. Machozi yakatoka, pua ikachuruzika, tumbo likaanza kukoroga. Abiria niliyekaa naye akaniuliza kama nina malaria. Ilikuwa arosto kamili, kwa mtu ambaye miezi mingi hakuwa na chembe ya heroini mwilini. Shangazi aliponiona nyumbani alisema bila kusita: kuna mtu anamchezea huyu.

Siku hizi nafanya kazi ya uelimishaji rika, nakaa na watu wanaoanza kupata nafuu na familia zao, na swali la basi la Ubungo, la kwa nini arosto imrudie mtu aliyekwisha kuacha, nimekutana nalo kwa sura nyingi. Mtu alikuwa salama gerezani, alipotoka akaumwa getini. Mwingine alikuwa salama Ramadhani nzima, anafunga na kuswali tarawehe, asubuhi ya Idi akiwa na kanzu mpya na hela ya sikukuu mfukoni akarudi kwenye kete za unga. Familia hutafsiri kwamba alikuwa anaigiza. Jibu ninalowapa linaanzia mbali kidogo, Kentucky.

Katika mji wa Lexington huko Marekani ilikuwepo hospitali ya serikali, iliyofunguliwa mwaka 1935, iliyokuwa nusu jela nusu wodi, kwa ajili ya watu waliozoea mofini na heroini. Daktari Abraham Wikler aliyefanya kazi pale aliona jambo la ajabu. Wagonjwa waliokuwa wameacha kwa miezi, wakikaa kwenye kikundi na mazungumzo yakigeukia dawa, walianza kupiga miayo na kutokwa machozi. Wengine walimsimulia kwamba hali hiyo iliwapata waliporudi mtaani kwao. Wikler alisema mwili umejifunza, kwa namna ileile ambayo mbwa wa mwanasayansi Mrusi, Pavlov, walijifunza kudondosha mate kabla chakula hakijafika.

Umejifunza nini hasa? Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili, na ningependa kila mzazi alielewe. Heroini ikiingia hukausha pua, hufunga choo, hupunguza kasi ya pumzi, hulegeza mwili. Ubongo haupendi kuyumbishwa, kwa hiyo baada ya kuzoea huanza kusukuma upande wa pili: pua ilowe, tumbo liende, mwili uamke. Ukisukuma hivyo wakati dawa ipo, vinakutana katikati na mtumiaji anaona dozi ileile haimtoshi tena. Na kwa kuwa dawa huja kila mara mahali palepale, na watu walewale, ubongo unaanza kusukuma mapema, pale tu unapoona dalili kwamba dawa i njiani. Mimi dalili zangu zilianzia Ubungo. Ubongo ulitambua zile kelele za wapiga debe, ukaanza kujiandaa kwa mzigo ambao haukuja. Yale maandalizi peke yake, bila dawa ya kuyapunguza makali, ndiyo arosto iliyonikuta ndani ya basi.

Mwaka 1982 mtafiti Shepard Siegel na wenzake, huko Kanada, waliupima upande wa hatari wa jambo hili. Panya walizoeshwa heroini katika chumba kimoja, dozi ikipanda taratibu. Mwishoni wakapewa dozi kubwa ya mara moja. Waliopewa katika chumba walichokizoea, asilimia 32 walikufa. Waliopewa dozi hiyohiyo katika chumba kigeni, asilimia 64. Panya ambao hawakuwahi kuonja heroini kabisa, asilimia 96. Tofauti ya kundi la kwanza na la pili ilikuwa chumba tu: katika chumba kigeni ubongo haukujiandaa.

Sasa chukua kijana aliyekaa kijijini au gerezani mwaka mzima. Ule uwezo wa mwili kuhimili dawa umeshuka, hamu iko palepale ilipoachwa, na kichwani anakumbuka kiasi alichokuwa akitumia siku ya mwisho. Anarudi, anaona aibu kuonekana maskani, anajificha mahali ambapo hajawahi kutumia, anatumia kiasi kilekile cha zamani. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au nyumba ya kuacha dawa ndizo wiki zinazoua zaidi, na hili wataalamu wa nchi nyingi wameliona. Wenzangu niliowazika, wengi wao hawakufa wakiwa mateja wa kila siku. Walikufa wakiwa "wameacha".

Nikiwa bado hapo, niseme la vitendo. Mtu aliyezidisha dozi hupumua polepole au hapumui kabisa, midomo inageuka rangi, anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, ukimwita haitiki. Mtaani watu humnywesha maziwa, humwagia maji ya baridi, humpiga makofi, wengine humdunga maji ya chumvi. Maziwa yatamkaba, na hayo mengine yanakula muda ambao hana. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe, kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni, na mkimbize hospitali mkiwa mnataja wazi alichotumia. Ipo dawa ya sindano, naloksoni, inayoing'oa heroini kwenye vipokezi vya ubongo, yaani pale inaposhika kwenye seli, kwa dakika chache. Daktari hawezi kuitumia kama ndugu wamesimama mlangoni wanasema ameanguka kifafa.

Nirudi kwenye hamu. Wapo watu wanaodhani hamu ni kukumbuka raha. Nilipokuwa kwenye unga, miaka ya mwisho hapakuwa na raha yoyote ya kukumbuka. Nilitumia asubuhi ili niweze kusimama na kuvaa viatu. Lakini kadiri raha ilivyopungua ndivyo kutaka kulivyozidi. Mwanasayansi wa ubongo Kent Berridge wa Michigan ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba katika ubongo kupenda kitu na kukitaka kitu hupita njia mbili tofauti, na kwamba dopamini, ambayo magazeti huiita kemikali ya furaha, kazi yake kubwa iko kwenye kutaka. Hilo liliponifikia lilinituliza kuliko mahubiri yote niliyowahi kuhubiriwa. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba ninapenda starehe kuliko mama yangu.

Mwanasayansi mwingine, Wolfram Schultz, naye alirekodi seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zililipuka juisi ilipogusa ulimi. Nyani alipojifunza kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, mlipuko ulihama: seli zikawa zinaipigia kelele taa, na juisi yenyewe ikija zimekaa kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, zinashuka chini ya kawaida yake. Dopamini ni kama konda wa daladala, anaita kituo kabla gari halijafika, na ukipitishwa kituo ananuna. Kile kishindo cha kuitwa, halafu kile kununa, ndiyo hamu.

Na konda huyu anaona mapema kuliko wewe. Mwaka 2008 mtafiti Anna Rose Childress na wenzake wa Philadelphia waliwaonyesha watu wenye uraibu wa kokeini picha za vifaa vya kutumia kwa milisekunde 33, muda ambao mtu hawezi hata kusema ameona kitu. Sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na kutamani ziliwaka hata hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilikuwa nimekaa tu, hamu ikaja bila sababu", huenda hakudanganyi. Sababu ilipita, yeye hakuiona ikipita.

Nimesema mjomba alikuwa sahihi kwa kiasi, na ushahidi mkubwa wa upande wake unatoka kwenye vita vya Vietnam. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa hofu: wanajeshi wake kule walikuwa wanatumia heroini, na walikuwa wanakaribia kurudi makwao. Mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia. Aligundua kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu akiwa Vietnam. Walipofika nyumbani, karibu nusu ya waraibu hao waliigusa tena dawa, lakini katika mwaka wa kwanza asilimia 5 tu ndio waliorudi kwenye uraibu, na kwa miaka mitatu asilimia 12. Watu hawakuamini. Wengine walimshuku yeye na takwimu zake.

Ukilitazama kwa macho ya basi la Ubungo, halishangazi sana. Askari yule alianza unga katika nchi ngeni na akaacha kila kinachofanana na unga kule: joto lile, rafiki wale, woga ule. Alirudi mahali ambapo hajawahi kutumia. Mimi safari yangu ilikuwa kinyume. Kijiji ndicho kilikuwa nchi ngeni, na nyumbani ndiko kwenye vita. Mjomba alinipeleka mahali sahihi, kisha akategemea nirudi mahali palepale nikiwa nimetakasika. Ukimpeleka mtu kijijini, mpango wa maana ni ule wa kurudi, na huo sijaona kikao cha ukoo kikiujadili.

Hapa pia nina ugomvi mdogo na kaulimbiu. Tangu Alan Leshner, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, aandike mwaka 1997 kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo, maneno hayo yamesafiri hadi kwenye mabango na fulana zetu. Nayakubali. Yametoa watu wengi mahabusu yakawapeleka kliniki. Ila mama akisikia "ugonjwa wa ubongo" anaelewa kichaa, au anaelewa kitu kilichooza ambacho hakirudi. Maaskari wa Vietnam hawakuwa wameoza. Ubongo uliofundishwa unga umefanya kazi yake ya kujifunza vizuri kupita kiasi, na somo lile halifutiki; unachoweza ni kuuwekea masomo mengine juu yake hadi yale ya zamani yapungue sauti. Ndiyo maana uponyaji unachukua muda, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na miaka mingi bila kutumia akatikiswa na harufu ya kiberiti.

Kuna dawa inayosaidia kupunguza kelele wakati masomo mapya yanaingia. Methadoni iliundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na katikati ya miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaanza kuitumia kutibu uraibu wa heroini. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya walianza mwishoni mwa 2014. Inakaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini, lakini inapanda taratibu na kudumu zaidi ya siku, kwa hiyo hakuna kile kilele wala lile shimo la saa chache baadaye. Unafika dirishani asubuhi, unakunywa mbele ya mtoa dawa, unatamka jina lako ili aone umemeza, unaenda zako kazini.

Mtaani wanasema umebadilisha unga kwa unga. Sheikh mmoja aliniambia hivyo, mtu ninayemheshimu. Nilimjibu: shikamoo sheikh, mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku naye tumwambie amezoea sindano? Alinyamaza, ingawa sidhani kama nilimshawishi. Kwangu hoja ni nyepesi. Mtu anayeamka bila arosto ana asubuhi nzima mkononi, na asubuhi ndiyo aliyokuwa anaipoteza kutafuta hela ya kete ya kwanza. Wanaokunywa methadoni kisha wakaongeza pombe au valiamu, hao kweli wako hatarini, kwa sababu vyote hivyo vinagandamiza pumzi, na kliniki huwaonya. Hilo halifanyi dawa kuwa unga.

Methadoni hutuliza mwili. Konda bado anaita. Katika kazi hii nimeona kwamba wanaodumu ni wale wanaoichukulia hamu kama habari: imetokea wapi, saa ngapi, nikiwa na nani, nikiwa na shilingi ngapi.

Shilingi ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, angalau kwa watu wa huku. Niulize nini kilikuwa kinanitetemesha zaidi ya kuona kete, nitakwambia ule mlio wa ujumbe wa pesa kuingia kwenye simu. Muda mrefu ujira wangu uliingia kwenye simu ya dada yangu, na yeye ndiye aliyelipa kodi na kununua unga, wa sembe, kabla sijashika chochote. Watu walimcheka mwanaume mzima kuomba nauli. Wacha wacheke. Mwingine ninayemfahamu alibadilisha njia ya kwenda kazini, anapanda magari mawili badala ya moja ili asipite Magomeni, na kila mwezi inamgharimu. Ni nauli ya bei rahisi sana ukiilinganisha.

Hamu ikishafika, huwa haikai. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30 kama hujailisha. Tatizo ni kwamba inapokuwa juu inakuaminisha kwamba itabaki hapo hadi ufe. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Seattle aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama badala ya kuvutana nayo: iko kifuani au tumboni, inabana au inawasha, imeongezeka au imepungua. Nilipofundishwa niliona ni upuuzi wa Wazungu. Nilipojaribu niliona kwamba kuvutana nayo ndiko kulikuwa kunaichochea, maana kila "sitaki unga" ina unga ndani yake. Siku hizi nikiwa na mtu mpya namwomba aangalie saa tu, aniambie ilipoanza na ilipoisha. Mara ya kwanza anapoona imeisha yenyewe, uso wake hubadilika.

Kwenye vikundi vya kupeana nafuu hufundishwa kujiuliza mambo manne: je, nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? Nilikuwa naona ni maswali ya chekechea. Lakini angalia saa ambazo watu huteleza: saa kumi alasiri, hajala tangu chai, amegombana na bosi, usafiri wake ni miguu yake miwili tu hadi Mbagala. Sahani ya wali maharage imezuia marudio mengi ambayo sifa yake walipewa washauri nasaha.

Ambacho vikundi vyetu havikisemi vya kutosha ni furaha. Tunawaandaa watu kwa msiba, kufukuzwa kazi, kuachwa na mke. Mwaka juzi matokeo ya mtihani yalipotoka, binti yangu akapiga simu analia kwa furaha, amefaulu. Nilikata simu nikiwa natabasamu, na kabla tabasamu halijaisha tumbo likakoroga lilelile la Ubungo. Ubongo wangu kwa miaka ulijifunza kwamba jambo kubwa, zuri au baya, hufuatiwa na kitu kimoja. Nilikuwa na hela mfukoni, ya kumnunulia zawadi. Nikampigia mke wangu, nikamwambia lilivyo bila kupamba. Akaniuliza niko wapi, akaja na bajaji, akaichukua hela yote kasoro ya mchele na kuku, na tulipofika sokoni akanikabidhi kikapu nikibebe huku akinisimulia ugomvi wa majirani kuhusu luku.